Taya likisogezwa, kiungo chake huenda wapi?

Skrubu ya mwisho imekazwa. Meno ya chini, ambayo saa chache zilizopita yalikuwa yamejificha nyuma ya yale ya juu kwa karibu sentimita moja, sasa yanakutana nayo vizuri, na yeyote aliye chumbani angesema kazi imekwisha. Lakini daktari hajashika sindano ya kushonea. Anaomba koleo na kukata nyaya zilizokuwa zimeyafunga mataya mawili pamoja. Anakishika kidevu cha mgonjwa kwa kidole gumba na cha shahada, kisha analifungua na kulifunga taya polepole bila kulilazimisha, macho yake yakiwa kwenye meno ya mbele. Yakikutana palepale yalipokuwa kabla nyaya hazijakatwa, atashona. Yakibaki na uwazi, au mstari wa katikati ukihamia upande mmoja, skrubu zitatolewa na mfupa utapangwa upya.

Mgonjwa hajui lolote kuhusu dakika hizo mbili, maana amelala kwa nusukaputi. Hata zile picha za kabla na baada zinazosambaa mitandaoni hazizionyeshi. Huko watu hushangilia kidevu. Kwa maoni yangu, katika upasuaji wote wa kurekebisha taya la chini, hakuna dakika zenye uzito kuzishinda hizo, kwa sababu kinachopimwa hapo si meno wala kidevu. Kinachopimwa ni kiungo cha taya, kilichoko mbele ya sikio, ambacho kisu hakikukigusa kabisa. Mfupa hukatwa huku, kiungo kikahama kule.

Unaweza kukigusa chako sasa hivi. Weka ncha za vidole vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, halafu fungua mdomo taratibu. Mwanzoni utahisi kitu kikizunguka mahali pamoja. Ukiendelea kufungua kupita sentimita mbili hivi, kitu hicho kinateleza kwenda mbele na kidole chako kinabaki kwenye bonde. Hicho ndicho kichwa cha taya, ncha ya juu kabisa ya mfupa wa taya la chini. Upana wake kutoka nje kwenda ndani unakaribia milimita 20, na unene wake kutoka mbele kwenda nyuma ni kama nusu ya hapo. Kimekaa katika kishimo cha mfupa wa fuvu, na katikati yao kuna kisahani cha nyuzi ngumu kinachosafiri nacho huku na huko kila unapotafuna, unapoongea na unapopiga mwayo. Ukiutazama uwazi kati ya mfupa na mfupa kwenye picha za CT, ni wa milimita mbili hivi.

Ugumu unaanzia kwenye umbo la mfupa wenyewe. Taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, kulia na kushoto. Ni bembea ya watoto: ubao mmoja, kamba mbili. Ukiifupisha kamba moja kidogo tu, ubao wote unainama. Ndiyo maana kichwa cha taya cha upande mmoja kikishuka kwa milimita mbili, mgonjwa hatahisi tatizo sikioni. Atalihisi mdomoni, kwenye magego yasiyogusana tena, au ataona kwenye kioo kwamba kidevu kimekwenda upande.

Majaribio ya kulirekebisha taya kwa kisu ni ya zamani. Mwaka 1849, Simon Hullihen wa mji wa Wheeling, ambao leo uko West Virginia nchini Marekani, aliandika jinsi alivyomkata kipande cha mfupa wa taya mwanamke kijana ambaye kovu la moto shingoni lilikuwa limelivuta na kulirefusha taya lake la chini. Lakini upasuaji unaofanywa leo katika hospitali nyingi duniani ulizaliwa Austria. Hugo Obwegeser, akifanya kazi chini ya mwalimu wake Richard Trauner katika mji wa Graz, alianza kuufanya kwa kupitia ndani ya mdomo mwaka 1953, bila kuacha kovu usoni. Mwaka 1957 wawili hao waliuchapisha kwa Kiingereza na Wamarekani wakaanza kuufahamu. Mwaka 1961 Giorgio Dal Pont, Mwitaliano, alipendekeza mkato wa nje usogezwe mbele zaidi, kwenye eneo la magego, ili mifupa ipate uso mpana wa kugusana na kuunga.

Ujanja wa Obwegeser ulikuwa kuugawa mfupa kwa unene wake. Nyuma ya gego la mwisho, pale taya linapopinda kwenda juu, mfupa una bamba la nje na bamba la ndani. Msumeno mwembamba hukata bamba la ndani juu ya pale mshipa wa fahamu unapoingia, ukateremka kwenye ukingo wa mbele, halafu ukakata bamba la nje pembeni mwa magego. Kisha patasi hugongwa taratibu mpaka mabamba mawili yaachane. Bamba la nje linabaki na kiungo. Lile la ndani linakwenda na meno, kidevu na mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini. Sehemu yenye meno sasa inateleza mbele au nyuma, na mabamba mawili yanaendelea kulaliana.

Mshipa huo nao una hadithi yake. Unaweza kuvutika au kuchubuka, na wagonjwa wengi huamka midomo yao ya chini ikiwa na ganzi. Siku za mwanzo uji hutiririka hadi kidevuni na mwenyewe hana habari, mpaka aambiwe na aliye mbele yake. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wengine sehemu ya ganzi hubaki.

Turudi kwenye kiungo. Zamani vipande hivyo viwili vilifungwa kwa waya, na mataya yakafungwa pamoja kwa takriban wiki sita. Mgonjwa alikula kwa mrija na kuongea kupitia meno. Kifungo hicho kilikuwa kirefu, lakini kilikuwa na fadhila moja: waya huachia kidogo, hivyo kile kipande cha nyuma chenye kiungo, kilichoshikwa na misuli ya kutafunia, kiliweza kujisogeza polepole mpaka kikapata mahali pake. Mwaka 1974 Bernd Spiessl wa Basel, Uswisi, alileta skrubu za kukaza mfupa kwa mfupa. Baadaye vikaja vibati vidogo vya titani. Wagonjwa walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana sasa mdomo ungeweza kufunguliwa baada ya siku chache. Lakini skrubu haina huruma. Kichwa cha taya kikikazwa kikiwa milimita mbili chini ya mahali pake, hakipewi tena wiki sita za kujitafutia nafasi. Swali la kiungo kiko wapi, ambalo zama za waya liliweza kuachiwa misuli, lilihamia mikononi mwa daktari, na analijibu mgonjwa akiwa usingizini.

Usingizi wenyewe ni sehemu ya shida. Mtu aliyesimama, misuli yake ikiwa na nguvu, kichwa cha taya kinasukumwa juu na mbele kwenye kishimo chake. Mlaze chali, mpe dawa ya kulegeza misuli, na taya lote linateleza kwenda nyuma. Daktari anajaribu kulirudisha kwa mkono: kidole kinaisukuma pembe ya taya kwenda juu, na kifaa chembamba ndani ya jeraha kinakiongoza kile kipande chenye kiungo. Akisukuma kwa nguvu ndogo, kichwa kinaning'inia chini. Akizidisha, anakibana nyuma, kwenye nyama laini zilizo mbele ya sikio. Hata wakongwe wa fani hawajakaa na jibu moja. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba mahali sahihi ni nyuma kabisa. Vya baadaye vikasema juu na mbele. Madaktari wa vizazi viwili wamefundishwa kuisukuma ncha ileile ya mfupa kuelekea pande tofauti.

Halafu kuna mifupa yenyewe. Taya la chini lina umbo la V, jembamba mbele na pana nyuma. Sehemu yenye meno ikisogezwa mbele au nyuma, mabamba mawili hayakutani tena sawasawa. Panabaki pengo mahali fulani, na mahali pengine mfupa unagusa mfupa mapema. Daktari akilazimisha pengo lizibe kwa kukaza skrubu, kipande cha nyuma kinazungushwa na kichwa cha taya kinageuka ndani ya kishimo chake. Dawa yake ni kazi ya fundi: kusaga pale panapogusa mapema, au kuacha pengo lilivyo na kulivusha kwa kibati kilichokunjwa kikafuata umbo la mfupa. Inachukua muda, na hakuna atakayeiona kwenye picha ya kidevu.

Maelezo niliyoyapenda zaidi kuhusu hitilafu hizi yalitoka Johannesburg. Mwaka 2002, Johan Reyneke na Carlo Ferretti waliandika katika jarida la Uingereza la upasuaji wa kinywa na uso jinsi ya kumtambua mgonjwa ambaye kichwa chake cha taya kimeshuka, angali mezani. Kichwa kikiwa kinaning'inia katikati ya kishimo bila kugusa popote, hitilafu hujitangaza: nyaya zinakatwa, kichwa kinapanda kurudi juu, magego yanagongana mapema, meno ya mbele yanaachana na kidevu kinarudi nyuma. Ikiwa ni upande mmoja tu, mstari wa katikati wa meno unahama. Yote hayo daktari anayaona kwa macho na anaweza kuyarekebisha papo hapo.

Hatari zaidi ni ile nyingine waliyoieleza. Kichwa cha taya kinaweza kuwa kimeshuka lakini kimeegemea ukuta wa pembeni wa kishimo. Kwa kuwa kina pa kuegemea, hakisogei nyaya zinapokatwa. Meno yanakutana, daktari anaridhika, mgonjwa anashonwa. Wiki au miezi inapita, mfupa uliobanwa pale ukutani unaanza kulika na kujichonga upya, na taya linarudi kidogokidogo lilikotoka. Kile kipimo cha vidole viwili kwenye kidevu hakikuweza kuinasa hitilafu hiyo.

Kwa miaka mingi haikuwa rahisi kuyathibitisha haya. Picha ya pembeni ya kichwa, ambayo madaktari wa kupanga meno wameitegemea tangu miaka ya 1930, inalaza kiungo cha kulia juu ya cha kushoto. Unaona vivuli viwili vilivyochanganyikana na mifupa mingine ya fuvu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja mashine za CT za kazi ya meno, ambazo huzunguka kichwa mara moja na kutoa picha ya pande tatu kwa mionzi michache kuliko CT ya kawaida ya hospitali. Sasa mtafiti anaweza kuchukua picha ya kabla na picha ya baada, akazipandanisha kwa kutumia sakafu ya fuvu ambayo haikuguswa na upasuaji, na kuona kichwa cha taya kimekwenda wapi.

Kilichoonekana ni kwamba kichwa cha taya huhama karibu kila mara. Kwa wagonjwa wengi ni kidogo, mara nyingi milimita moja au chini ya hapo, pamoja na kugeuka kwa nyuzi chache, aghalabu ncha ya nje ikielekea mbele na ndani. Siku za mwanzo kichwa huwa kimeshuka, kwa kuwa ndani ya kiungo kuna uvimbe na majimaji. Wiki zinavyopita uvimbe unapungua na kichwa kinapanda. Kwa hiyo picha ya siku ya tatu na ya mwezi wa sita zinaweza kuonyesha mambo mawili tofauti kwa mtu yuleyule, na zote zikawa kweli. Baada ya hapo mfupa wenyewe huendelea kujichonga: unapunguzwa upande mmoja, unaongezewa mwingine, mpaka kiungo kikaizoea kazi mpya. Mtu anatafuna, anaongea, anaimba kwaya, na hajui kwamba kiungo chake si kilekile.

Hapa nami nina langu la kusema. Fani hii ilitumia nguvu nyingi kujaribu kukirudisha kichwa cha taya mahali palepale kilipokuwa, kana kwamba pale palikuwa patakatifu. Miaka ya 1980 Ujerumani, Hans Luhr na wenzake walitengeneza utaratibu wa kukifunga kipande cha nyuma kwenye taya la juu kwa kibati kabla ya kukata, ili baada ya kupasua kirudishwe kwenye matundu yaleyale ya skrubu. Mwaka 1994 Edward Ellis wa Marekani aliuliza hadharani, katika jarida la fani, kama vifaa hivyo vinahitajika, na ushahidi aliouona haukumshawishi. Swali lake lina mantiki. Kama mgonjwa alikuja na kiungo kilichokwisha kuhama kwa sababu ya meno yake mabaya, kukirudisha palepale ni kuihifadhi hitilafu. Na ile nafasi iliyonakiliwa akiwa amelala chali amelegea, nani alisema ndiyo nafasi yake ya kweli?

Kuna ushahidi mwingine, nao unatoka kwenye upasuaji wa aina tofauti. Badala ya kuugawa mfupa kwa unene, daktari anaweza kukata mstari wa kusimama kwenye mhimili wa nyuma wa taya, nyuma ya pale mshipa wa fahamu unapoingia, kisha asikaze chochote. Njia hii hutumika zaidi kulirudisha nyuma taya lililochomoza, na Taiwan na Korea Kusini wameizoea. Kipande chenye kiungo kinaachwa kikining'inia kwenye misuli yake, nayo inakivuta chini na mbele. Kwa hesabu ya vibati vya Luhr, hilo ni kosa tupu. Kumbe kwa wagonjwa wengine waliokuwa na maumivu au mlio kwenye kiungo, hali hutulia, kwa kuwa kichwa kimepata nafasi nzuri zaidi chini ya kile kisahani. Gharama yake ni kurudi zama za kale: mataya yafungwe kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo milimita moja ya kuhama si janga. Janga ni kichwa kilichobanwa, kilichopindwa kwa nguvu ya skrubu, au kilichokuwa dhaifu tangu mwanzo. Hiki cha mwisho ndicho kinachowanyima madaktari usingizi. Kuna wagonjwa, wengi wao wasichana na wanawake vijana, wenye taya dogo lililorudi nyuma na lenye mteremko mkali, ambao vichwa vyao vya taya huanza kuyeyuka baada ya upasuaji. Kuyeyuka huko kunaweza kuanza mwaka wa kwanza au wa pili. Mfupa unapungua urefu, kidevu kinarudi nyuma, na meno ya mbele yanaachana mpaka mtu anashindwa kuukata mkate kwa meno. Hatari inaongezeka kama kiungo kilikuwa na matatizo kabla, na kama taya lilisogezwa mbele sana, hasa kupita milimita 10. Homoni zimeshukiwa, mzigo mpya juu ya kiungo umeshukiwa, na mjadala unaendelea. Daktari anaweza kuwa amefanya kila kitu sawasawa mezani, na bado kiungo kikakataa.

Afrika Mashariki upasuaji huu si wa kila siku. Katika hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Kenyatta ya Nairobi, orodha ya mabingwa wa kinywa, taya na uso hujazwa zaidi na mataya yaliyovunjika kwenye ajali, za bodaboda zikiwamo, na uvimbe wa taya kama ameloblastoma. Lakini swali la kiungo linawakuta huko pia. Daktari anayetoa uvimbe mkubwa uliokula mwili wa taya, akitaka kukibakiza kichwa cha taya, hukunja kibati kirefu na kutoboa matundu yake ya skrubu kabla hajakata mfupa. Akisha kuutoa uvimbe, anarudisha kibati kwenye matundu yaleyale, na kile kipande cha juu kinasimama pale kilipokuwa. Ni hoja ileile ya Luhr, ila hapa ina maana kubwa zaidi, kwa sababu meno ya kuongoza kazi yamekwisha kuondoka pamoja na uvimbe.

Wapo pia Watanzania na Wakenya wanaofanyiwa urekebishaji wa taya nje ya nchi, India ikiwa mojawapo, kisha wakarudi nyumbani na vibati vyao, mipira midogo ya kuelekeza meno na karatasi ya dawa. Ufuatiliaji unaangukia kwa daktari wa hapa ambaye hakuwamo chumbani siku ile. Anayesafiri kwa shughuli hiyo na aombe mambo mawili kabla hajapanda ndege ya kurudi: maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa, yakitaja taya lilisogezwa milimita ngapi na kuelekea wapi, na mafaili ya picha za CT za kabla na za wiki za mwanzo. Picha iliyochapwa kwenye karatasi haitoshi, maana haiwezi kupandanishwa na nyingine. Baada ya hapo apimwe tena ikifika miezi sita, mwaka mmoja, na ikiwezekana miaka miwili. Kati ya vipimo hivyo, dalili za kumrudisha kliniki mapema ni tatu: meno ya mbele yaliyokuwa yakigusana yakianza kuachana, kidevu kikihamia upande, au mdomo uliokuwa ukifunguka vizuri ukianza kufunguka kidogo kuliko awali. Mlio peke yake, usio na maumivu, unaweza kusubiri siku ya kliniki.